Jina la Hamisi Kwenye Kitabu cha Jumbe

Kwa dada yangu Mwanaidi, Ujiji.

Mkubwa wangu, salamu zangu kutoka hapa Rumonge zikukute umekaa kitako, umekula, na mguu wako ule unaouma wakati wa baridi umekupumzisha. Mama anaendeleaje? Kifua kimemwacha? Shemeji hajambo na mashua zake? Bado anagombana na misumari?

Na Hamisi je? Dada, kabla hujasoma mbele, mwite Hamisi umtazame. Umemwona? Mzima? Anatembea, anacheka? Haya. Sasa keti usome.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zile za chuo tulizofundishwa kabla mimi sijatolewa nikafundishwe kupika. Utaniwia radhi, mistari inapanda juu kama mtu anayekimbilia mlimani. Na hilo doa jekundu ni mawese, niko hapa kando ya chungu, nikikoroga naandika, nikiandika nakoroga. Ningempa mwandishi aniandikie vizuri, lakini hapa mjini anayeandikia watu barua ni mmoja tu, naye ndiye huyo huyo karani anayeshika kitabu cha jumbe. Na haya ninayokuambia karani asiyajue hata akiyaota.

Utasikia kwa watu wa mitumbwi ya chumvi kwamba Hamisi mwana wa Sefu amekufa. Dada, usipige ukelele, na Mama asisikie kabisa. Hamisi unaye hapo mbele yako. Ni mimi niliyemuua. Nimemuua kwa mdomo huu, na kabla ya kumuua nilimponza kwa mdomo huu huu. Nitakueleza tangu mwanzo, maana nisipomweleza mtu nitapasuka.

Wewe hujafika huku, kwa hiyo nianze na mji. Rumonge si mji kama Ujiji wenye masoko na watu wanaokaa barazani. Hapa ni kazi. Wanaume wanapanda michikichi kukata mikungu, au wanavua, au wanachonga mitumbwi. Sisi wanawake tunachemsha chikichi, tunazikanyaga kwenye shimo mpaka mafuta yatoke, tunayaengua, tunayachemsha tena. Miguu yetu ni myekundu hadi magotini, hainawiki. Ukimwona mwanamke njiani huna haja ya kumwuliza ametoka wapi. Asiyekanyaga chikichi anaanika ndagala, zile mnazoita dagaa, na huyo unamjua kwa harufu kabla hajafika. Na watu wenyewe ni wa kuokoteza: Wamanyema, Wabwari kutoka ng'ambo ya ziwa, Wajiji kama mimi, na Warundi wanaoshuka milimani na maharage, wanasema amahoro, ndiyo salamu yao, wanauza, wanapanda zao kabla jua halijazama kwa sababu wanaogopa mbu wetu.

Basi ikaja amri kutoka kwa Wadachi, bomani Usumbura. Vichaka vyote vya ukingo wa ziwa na vya midomo ya mito vifyekwe, kwa sababu ndani yake mna mbung'o, na mbung'o ndiye anayeleta malale. Ugonjwa huo upo kweli, dada, sibishi. Nimeona watu wanalala na tonge mdomoni. Lakini kufyeka kunataka wanaume, na ili wajue wanaume ni wangapi, jumbe akapita nyumba kwa nyumba na karani na askari wawili, kuandika watu.

Siku hiyo tulicheka, Mungu anisamehe. Karani anauliza kabila, mtu anajibu, "La baba au la mama? Au unataka la huyu aliyenilea?" Mmoja akaandikwa Mmanyema, mkewe akapiga kelele kutoka jikoni, "Mwongo huyo, Mbwari, amenioa namjua!" Jirani yangu Mama Kalunga, Mbwari mwenye ulimi kama kisu cha samaki, alipoulizwa mume akasema, "Mume? Mimi siko na mume. Alikwenda zamani, labda iko Kongo, labda iko mbinguni." Na mumewe yuko nyuma ya nyumba amejificha ndani ya matete, mara akapiga chafya. Askari akageuka, "Nini hicho?" Mama Kalunga hakupepesa jicho. "Mbuzi. Ana mafua."

Kila mtu alikuwa anapunguza. Huyu ana wana watatu, anasema mmoja, na huyo mmoja ana kifafa. Warundi wa milimani ndiyo kabisa, kwao ni mwiko kuhesabu watoto, hata kwa mapenzi.

Wakafika kwangu. Sefu yuko juu ya mchikichi upande wa Minago, binti yangu Zaina ameenda maji. Nimetoka tu kupakua chakula. Dada, unakumbuka Mama alivyotulea: aliye safarini hatolewi sufuriani. Bakuli lake linapakuliwa pamoja na ya wengine, linafunikwa, halafu anapewa mpita njia au mtoto wa jirani, ili huko aliko mwenye bakuli asilale na njaa. Miaka mitatu tangu niwaachie Hamisi ajifunze ufundi kwa shemeji, sijaacha hata siku moja. Na mkeka wake niliusuka mwenyewe, umekunjwa, umeegemezwa ukutani, naufuta vumbi kila Ijumaa.

Karani akauliza, "Wanaume humu?"

Nikasema, "Wawili. Sefu, na mwanangu Hamisi."

Sikusema uongo. Sikufikiri hata. Mtu akiniuliza watoto, nataja wote, aliye mbele yangu na asiye mbele yangu. Karani akachungulia ndani akaona mikeka, akaona mabakuli yamefunikwa, akaandika. Halafu akasoma kwa sauti ili nithibitishe: "Sefu. Hamisi bin Sefu." Nikasikia jina la mwanangu limefuatana na la babake, limesomwa na mtu mwenye kalamu, na dada, nikaona raha. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Lakini yuko Ujiji." Sikusema. Niliona raha, nikanyamaza.

Wenzangu walipunguza, mimi niliongeza.

Mama Kalunga aliposikia akashika kichwa. "We Mama Hamisi, wewe iko na akili gani? Watu wote wanaficha, wewe unaongeza! Ungeandikisha na kuku basi, nao wakafyeke!" Nikacheka. Sikujua.

Siku ya kazi ilipofika jumbe akawapanga wanaume ukingoni na kamba. Kila jina lina kamba moja ya kichaka, ndiyo ngwe yake, na asiyemaliza ngwe haondoki. Wakaita Sefu, akaitika. Wakaita Hamisi bin Sefu. Kimya. Sefu akasema, "Huyo yuko Ujiji, anajifunza mashua, yuko huko miaka mitatu." Jumbe akasema, "Mkeo alisema yumo." Sefu akashika panga. Akafyeka yake, akaingia kwenye ya Hamisi.

Ikawa hivyo kila zamu. Mtu mmoja, ngwe mbili. Matete yale yanakata kama wembe, na ndani kuna maji hadi mapajani na mbung'o wenyewe hao wanaofukuzwa. Nilikwenda na panga langu nimsaidie. Askari akanirudisha, "Jina hili ni la mwanamume. Wewe nenda kwenye chungu chako." Mikungu ikaiva michikichini ikaanguka, ndege wakala, kwa sababu mpandaji wangu yuko majini akifyeka kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo.

Nikaenda kwa jumbe mwenyewe. Si mtu mbaya sana, na yeye ana wa juu yake. Nikapiga magoti nikamwambia kosa ni langu, mtoto ni wa kweli lakini hayupo, alifute jina. Akaniambia, "Mama, nikikufutia wewe kwa sababu mwanao yuko Ujiji, kesho mji mzima utakuwa umehamia Ujiji. Jina likishaingia, mwenyewe ama yupo afanye kazi, ama ametoroka na babake ajibu, ama amekufa apumzike. La nne sina. Si mumwite tu?"

Nilirudi nikamwambia Sefu, "Tumwite." Dada, nilitamani. Usinione mwema. Nilitamani amri ile iwe sababu ya kumwona. Sefu akanitazama. "Unajua wale vijana waliofyeka vizuri mwezi uliopita wako wapi?" Najua. Mji mzima unajua. Walitwishwa mizigo kwenda Usumbura, na kutoka Usumbura wakapelekwa mbele zaidi, na hakuna aliyeleta hata salamu. Sasa hapa ukitembea mchana unakutana na wazee na wanawake wenye miguu myekundu tu. Vijana wako safarini au wako vichakani wamejificha. Sefu akasema, "Sitamtoa mwanangu kwenye randa nimtie begani sanduku la Mdachi. Nitafyeka."

Akafyeka mpaka siku alipoanguka ndani ya ngwe ya Hamisi, robo tatu haijaguswa. Hawakumwuliza ana nini. Wakasema kijana ametoroka kazi, babake amemficha, na siku hiyo hiyo, mbele ya watu wote, mchana kweupe, wakamlaza wakampiga hamsa ishirini. Viboko ishirini na vitano. Sefu, dada. Yule aliyekuja kwetu Ujiji na mbuzi na haya nyingi hata Mama akamwambia ainue kichwa. Nilizuiwa kusogea. Nilimpaka mawese mgongoni siku saba, na siku zote saba hakuniambia neno baya hata moja. Angenitukana ningepata nafuu.

Mama Kalunga ndiye aliyekuja na shauri. Alileta majani ya kidonda, akakaa, akaniambia, "Sikia. Jumbe amesema maneno matatu. La kwanza haliwezekani, la pili mmeona. Kumebaki moja."

"Lipi?"

"Mutoto afe."

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Hakutoka. "Afe mudomoni tu. Huko kwenu atakula atanenepa. Huku atakuwa marehemu. Wewe ulimuzaa bila ruhusa ya karani, utashindwa kumuzika?"

Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Nilimwuliza Sefu, akasema, "Ukiweza." Zamu ya kufyeka ikawa inakaribia, na mgongo wake haujafunga. Bakari, yule binamu yetu wa mtumbwi wa chumvi, alipofika nikamwomba. Aliogopa, lakini alipoona mgongo wa Sefu akakubali. Akaenda mbele ya jumbe akasema amemwacha Hamisi kaburini Ujiji, kwa homa. Jumbe akaagiza tuombe dua, na karani akasema atafuta jina matanga yakiisha, asije akafuta bure.

Kwa hiyo nililazimika kuweka matanga. Siku tatu. Mkeka uwanjani, nywele nimefumua, kanga nimejifunga kiunoni kama wafiwa. Nilikuwa naogopa machozi hayatatoka. Dada, yalitoka kabla sijakaa. Nililia vile ambavyo sikulia hata baba yetu alipokufa. Kila nilipotaja jina lake niliogopa malaika wanaandika, nikasema moyoni, "Si kweli, si kweli, Ya Rabi usinisikie," na mdomo unasema, "Hamisi wangu, umeniacha."

Na watu wakaja! Hilo ndilo linalonila mpaka leo. Mji ambao hauna kitu, mikungu imeoza, wanaume wako ngweni, na bado kila mwanamke alikuja na kibaba cha unga, na kifuko cha ndagala, na mawese chupani. Walipika, walinishika kichwa. Nilikula sadaka yao. Kuna bibi mmoja wa Kimanyema, jirani yangu wa nyuma, mwanawe wa pekee alichukuliwa na mizigo mwaka juzi hajarudi. Kwa kuwa hakuna habari, hakuweka matanga. Hawezi kulia na hawezi kungoja. Siku ya pili alikuja akakaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Mwanangu, nakuomba ruhusa. Nimlilie na wangu humu humu."

Nikamwambia, "Mlilie, bibi."

Akalia, dada. Ningemwambia nini? Kwamba wangu ni mzima, anapiga randa? Nilimshika mkono tukalia wote wawili, yeye kwa kweli na mimi kwa mawili. Na siku ya tatu, vitu vya marehemu vinapotolewa, mkeka wa Hamisi nikampa yeye. Nilitaka nimpe chombo kingine, lakini watu walikuwa wanautazama ule ukutani. Sasa ndio anaolalia. Nikipita mlangoni kwake nauona.

Kosa lingine ni hili. Zaina hatukumwambia. Ana miaka kumi na mbili, tuliogopa atacheka mbele ya karani. Basi alilia siku tatu hakula. Matanga yalipoinuliwa nikamwita ndani nikamwambia, "Kakako yu hai, tulifanya kwa ajili ya baba." Nilidhani atafurahi. Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Akachukua mtungi akatoka. Anateka maji, anakanyaga chikichi, nikimtuma anakwenda, lakini kuzungumza na mimi hazungumzi. Jana tu alisema kitu, nami nilikuwa na furaha amefungua mdomo. Alisema, "Mama, na mimi nikienda mbali utanifanyaje?"

Jina limefutwa. Nilisimama nikaona karani anapitisha wino juu yake. Sefu sasa anafyeka ngwe moja, na mgongo umefunga ingawa kuinama ni taabu, na michikichini anapanda ile mifupi tu. Kwa hilo nashukuru. Lakini bakuli siwezi kulipakua tena, dada. Watu wanaingia jikoni kwangu muda wote. Wataona bakuli la nne limefunikwa watauliza la nani. Napakua matatu. Mkono wenyewe unakwenda kwenye la nne, naurudisha.

Sasa shauri lililonifanya niandike. Bakari aliniambia, kabla ya haya yote, kwamba Hamisi amekwishaunda mtumbwi wake wa kwanza na anataka kuja nao Idi ikifika, atushtukize. Dada, asije. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya pamoja, asije. Akionekana hapa, babake atarudi kulazwa chini, safari hii kwa udanganyifu, na Bakari pamoja naye, na Mama Kalunga, na Hamisi mwenyewe atatwishwa mzigo kabla hajamaliza kunisalimu. Nimemngoja miaka mitatu, na leo ndiye mtu mmoja tu duniani ninayeogopa kumwona akishuka ufukoni kwetu.

Mwambie tulikosea kuandikisha, ikabidi jina litolewe. Matanga mweleze wewe kabla hajaelezwa na wapiga kasia, na ukimweleza cheka kidogo, na yeye acheke, useme mama yake alilia uzuri hata askari wakapangusa macho. Lakini kiboko usimwambie. Akijua babake amepigwa kwa ajili yake atakuja, namjua, atakuja na mtumbwi huo huo. Akiuliza mbona simwiti, mwambie lolote. Mwambie nimechukia kwa kuwa amekawia. Anichukie kidogo, si kitu.

Na mimi kuna kitu nakuomba. Tangu siku ile nina hofu isiyo na dawa, kwamba nimemwitia kitu ambacho hakikuwa kinajua njia ya kwake. Nikisikia mtumbwi umetoka Ujiji naacha chungu nakimbia kuchungulia nani ameshuka. Kwa hiyo chukua karatasi, mwambie Hamisi aweke mkono wake juu yake, vidole wazi, uuzungushie wino pande zote. Mkono wa kulia anaoshikia randa. Kama ana kidonda kidoleni, kichore na kidonda. Mpe Bakari aulete ndani ya mfuko wa chumvi. Nitaweka wangu juu yake nione amenizidi kiasi gani. Ila jina usiandike. Mkono tu.

Nisalimie Mama, mshike miguu kwa niaba yangu, umwambie wote wazima kwa Sefu, wote wanne. Nisalimie shemeji, mwambie asimkalipie sana mwanafunzi wake mwezi huu. Shangazi yetu muuza vyungu, na mwalimu wa chuo aliyenichapa kwa herufi hizi hizi, wape salamu zangu. Sefu anakusalimu, yuko kazini. Zaina hajasema kitu lakini nilipomwambia nakuandikia alisogeza kijinga cha moto chini ya chungu ili mafuta yasipoe nikichelewa, nami nimelihesabu hilo kuwa salamu.

Ukimaliza kusoma, karatasi hii itie motoni.

Huku wanawake wameacha kuniita kwa jina langu, wanaona ni kunitonesha. Naitwa Mama Zaina. Basi nakuandikia hapa chini mara moja, kabla haijaungua,

mdogo wako,
Mama Hamisi.